Mwalimu Aliyetufundisha Dar es Salaam

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alilisema hilo mwenyewe siku ya kwanza alipoingia darasani kwetu, kabla hata ya kushika chaki, kama mtu anayetaka jambo liishe mapema lisije likamsumbua baadaye.

"Sijafika Dar es Salaam. Sijafika Tanga. Mwisho wangu ni Mwanza, na Mwanza kuna ziwa. Lakini nitawafundisha jiji la pwani mpaka siku mkishuka kwenye basi msimwulize mtu njia."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alitundika ukutani ramani ya Dar es Salaam, ya karatasi nzito iliyobandikwa kwenye kipande cha shuka ili isichanike, akaanza kazi.

Ramani ile ilikuwa ya zamani. Barabara nyingi hazikuwemo, na mitaa mizima ilionekana kama pori. Kwa hiyo aliijaza mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Jioni, mabasi ya Dar yalipoingia stendi ya Bariadi, yeye alikuwa pale na daftari lake, amevaa shati lake la mikono mirefu lililofungwa hadi kifungo cha shingoni. Aliwafuata abiria wakiwa bado wananyoosha miguu. Umetoka sehemu gani? Mto unauvuka kabla ya kufika sokoni au baada? Ukisimama mlangoni kwako, unaona kilima upande gani? Wengine walimdhania tapeli. Konda mmoja alimzoea, akawa anamtania.

"Mwalimu, una kiwanja kule nini?"

"Nina wanafunzi kule," alijibu.

Alikuwa na mambo matano, na jiji lolote alilichambua kwa hayo matano: mahali lilipo, sura yake, jinsi watu wanavyoishi na mazingira yao, mwendo wa watu na vitu, na ukanda linamoangukia. Tuliyajua kama tunavyojua majina ya ndugu zetu. Mtihani wa taifa ulikuwa kwa Kiingereza, na mkuu wa shule alimgombeza zaidi ya mara moja kwa kutufundishia Kiswahili, hata Kisukuma pale Kiswahili kilipotuishia. Alimsikiliza mkuu mpaka mwisho, akaitikia, kisha akarudi darasani kuendelea kama kawaida. Alisema mtoto hawezi kuijua bahari kwa lugha asiyoijua.

Mwendo wa watu na vitu alitufundisha kwa pamba. Alimsimamisha msichana mmoja aliyetoka Mwandoya, akamwuliza baba yake amevuna nini mwaka ule. Pamba, alisema. Inakwenda wapi? Ginari, kutolewa mbegu. Kutoka ginari? Yule msichana hakujua. Mwalimu akachukua fimbo ya ramani, akaitembeza taratibu kutoka kwetu hadi bandarini, akitaja kila mji njiani, na mwisho akasema, "Pamba ya baba yako imeshaiona bahari. Wewe na mimi bado." Yule msichana alikaa chini akiwa ameinua kidevu.

Hakuwahi kumchapa mtu, jambo ambalo kwa shule yetu lilikuwa ajabu. Ukikosea, alikutoa nje, akakuelekeza kaskazini au mashariki, ukasimama hapo hadi uweze kumwambia vitu vitano vilivyo mbele yako kwa mpangilio, kuanzia cha mbali usichokiona. Jua la Simiyu unalijua. Wengi wetu tungechagua fimbo.

Wala hakuwa mtu wa kusifu. Ukipata tisini kwa mia, aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kumi ziko wapi?"

Na mtu huyohuyo aliyejua Dar es Salaam mtaa kwa mtaa alipotea kwenye wilaya za jirani. Kila aliyepita shule yetu alikuwa na kisa chake. Kinachosimuliwa zaidi ni cha msiba wa Meatu. Alikwenda kwa baiskeli kumzika baba wa mwalimu mwenzake, akachepuka njia panda, akafika kwenye msiba mwingine kabisa. Alisalimia, akakaa na wanaume, akatoa rambirambi, akachimba kaburi kwa zamu yake, akala. Alipogundua hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani na baada ya miezi mingi ndipo alipomsimulia mkewe, na mkewe akatusimulia sisi. Tulipomwuliza alisema, "Marehemu yule naye alihitaji watu."

Basi la safari alikuwa hawezi kulipanda. Lilimtapisha kuanzia Maswa, hapo jirani. Nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya kutofika pwani, ingawa yeye alitaja ada za watoto, mara ng'ombe mgonjwa, mara likizo fupi.

Somo lake ninalolikumbuka kuliko yote alilifanyia nyuma ya darasa. Alituamuru tulete udongo wa kichuguu kwenye ndoo, tukaufinyanga jiji: huku bahari, huku miinuko, na katikati bonde la Msimbazi likishuka kwenda baharini. Akatupa punje za mahindi tuzipande kama nyumba, kila mtu apendapo. Wengi tulizipanda bondeni, kwa sababu pale palikuwa tambarare na punje zilisimama vizuri. Kisha akamwaga maji, si bondeni, bali kule juu kwenye miinuko. Maji yalishuka yakazisomba punje zetu zote hadi kwenye bahari yetu ya tope. Akatuacha tutazame.

"Mnaona mvua ilinyesha wapi?" aliuliza. "Na mnaona waliokufa walikuwa wapi?"

Kaka yangu alikuwa kwenye kundi lile. Alikuwa amenitangulia miaka miwili kuzaliwa, lakini tulisoma kidato kimoja kwa sababu yeye alikaa nyumbani kwanza akichunga ng'ombe wa baba kule Nkololo.

Alipofeli kidato cha nne alijifunza ushonaji pale Bariadi, akawa fundi mzuri wa suti. Akaamua kwenda Dar es Salaam. Kama wote waliokuwa wanaondoka, alikwenda kwanza kwa Mwalimu, na mimi nikamsindikiza. Hiyo ilikuwa desturi: unakwenda kwake unamwambia kazi yako, yeye anakuambia uishi wapi. Mwalimu alimwuliza maswali kwa muda mrefu. Utashona kwako au kwenye fremu ya mtu? Utatembea au utapanda gari? Mwisho akaikunjua ramani mezani na kuchora duara juu ya mtaa mmoja ulioko kwenye mwinuko, kando ya bonde.

"Panga hapa. Sokoni utatembea kwa miguu. Maji ya mvua yanakupita."

Alichora kwa kalamu butu, na duara lilikuwa nene. Alilinakili kwenye karatasi ya daftari akampa kaka. Kaka aliikunja akaitia kwenye pochi.

Alipanga palepale. Chumba kimoja, mwinuko wa juu, jirani na mafundi wenzake. Alikaa hapo miaka mitatu. Kila aliponipigia simu alinisifia Mwalimu. Alisema mvua ikinyesha wao wanasimama kibarazani kutazama wenzao wa bondeni wakihamisha magodoro.

Kisha mimi nikapata nafasi ya chuo cha uuguzi hukohuko Dar es Salaam. Hosteli haikuwepo, ikabidi nikae kwa kaka. Nilimwambia kwenye simu kwamba mimi msichana siwezi kulala chumba kimoja na yeye, mtu mzima na ndevu zake, watu watasemaje. Nililisema kama mzaha, lakini sikuwa natania. Akasema atatafuta.

Baada ya wiki mbili alinipigia akiwa na furaha. "Nimepata vyumba viwili, dada. Kimoja chako. Ni mtaa uleule, ila ni huku chini. Bei ni ileile niliyokuwa nalipa kwa kimoja."

Nilijua maana ya huku chini. Nilikuwa nimepanda punje zangu na kuziona zikienda. Nilimwuliza, "Mvua je?"

"Kwani mvua inanyesha kila siku?"

Sikumwuliza tena. Nilikuwa na haraka ya kuuliza kama chumba kina dirisha.

Mvua za mwisho wa mwaka zilianza kabla sijasafiri. Usiku mmoja mto ulifurika ukamsomba kaka kutoka kwenye vyumba vile vipya. Alikutwa siku mbili baadaye, kilomita kadhaa kuteremka na mto. Mafundi wenzake walichanga wakamleta nyumbani.

Tulimzika Nkololo. Baada ya maziko, watu wakiwa bado wameketi, Mwalimu alisimama. Hakuwa ndugu, na hakuna aliyempa nafasi ya kuongea. Alivua kofia.

"Mtoto huyu alikuja kwangu aniambie akaishi wapi," alisema. "Mimi ndiye niliyempeleka kwenye mtaa ule. Nilichora duara. Tangu nilipopata habari nimelipima tena, na ukingo wa duara langu unagusa mto. Nilichora nene mno. Yeye aliniamini. Nawaomba radhi, na hasa mama yake."

Mama yangu alikuwa amelala kwenye mkeka akishikiliwa na shangazi. Aliinuka. Mama hasomi ramani, na kwake Dar es Salaam ni mahali pamoja, kama vile kisima ni mahali pamoja. Alichosikia ni kwamba kuna mtu alinyoosha kidole na mwanawe akafa pale kilipoelekea.

"Toka," alisema. "Usikanyage hapa tena, hata nikifa mimi."

Mwalimu alivaa kofia yake akaondoka. Alipita mbele yangu. Nilikuwa nimekaa na wasichana, umbali wa hatua tatu, na nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kwamba kaka alihama. Mafundi waliomleta walishageuza gari kurudi. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini sentensi hiyo ingefuatwa na swali, alihama kwa nini, na jibu la swali hilo lilikuwa mimi.

Nikatazama chini.

Habari ilisambaa kama zinavyosambaa habari kwetu, minadani na kanisani. Wazazi waliwakataza watoto wao kwenda kumwuliza lolote. Kuna wanafunzi waliomwita Duara, naye alisikia. Aliiondoa ramani ukutani. Walionifuata shuleni wananiambia alipofika kwenye jiji la pwani alisema tu, "Hii someni wenyewe," akafungua mlango wa darasa na kusimama nje hadi kengele ilipogongwa. Stendi hakwenda tena. Yule konda aliniuliza siku moja kama yule mzee wa maswali amefariki.

Mimi nilikwenda chuo. Nilipanga kwenye mwinuko, katika nyumba ileile ambayo kaka aliihama. Fundi mmoja mzee alinionyesha chumba cha zamani cha kaka na ukuta wake, mkavu, haujawahi kuguswa na maji. "Angebaki hapa tu," alisema. Aliongea bila kunilaumu, hakujua. Kwa miaka mitatu niliamka kila siku nikifungua dirisha na kulitazama bonde. Niliona watu wakirudi kujenga palepale baada ya kila mvua, na niliwaelewa. Pale palikuwa tambarare, na palikuwa karibu na riziki zao.

Nilirudi Bariadi nikiwa muuguzi wa zahanati. Mji wetu si mkubwa. Nilipomwona Mwalimu sokoni nilivuka upande wa pili. Mara mbili nilichelewa kuvuka. Mara zote mbili alisimama, akainamisha kichwa kama mtoto mbele ya mkubwa wake, akaniuliza, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema, "Sawa. Sawa," akaenda zake.

Kisha akaletwa zahanati na presha. Ilikuwa zamu yangu. Nilimfunga kile kitambaa cha mashine mkononi, mkono umekonda, nikakijaza upepo na kuanza kusoma namba. Chumba kilikuwa na sisi wawili tu. Aliniangalia akasema taratibu:

"Wewe huna sababu ya kunihudumia vizuri hivi."

Nilifungua mdomo. Nikamwambia apunguze chumvi.

Hilo ndilo jambo ninalolionea aibu kuliko la msibani. Msibani nilikuwa msichana na kaka yangu alikuwa amelala ndani ya udongo wa asubuhi ile. Zahanati nilikuwa mtu mzima, nimevaa sare nyeupe, na nilimshika mkono nikamwongopea.

Mwaka huu mkewe alikuja kumchukulia dawa. Ni mama mchangamfu, muuza mchele, lakini siku hiyo alikaa kwenye benchi hata baada ya kupewa dawa.

"Mvua ikianza tu, halali," aliniambia. "Anakaa kitandani anahesabu. Namwuliza unahesabu nini, anasema muda wa maji kushuka. Tangu yule kaka yako, mwanangu. Miaka tisa. Mimi nimechoka, na sijui nimwambie nini."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao asubuhi. Nilimkuta uani ameketi juu ya gunia, anapukuchua mahindi. Amezeeka kuliko umri wake. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mwalimu," akaitikia na kutaka kuinuka. Nikamwomba asiinuke. Nilibaki nimesimama nikamwambia yote: chumba cha kwanza, simu yangu, vyumba viwili, maneno ya kaka, na ule ukuta mkavu.

Aliacha kupukuchua. Hakuniangalia. Alianza kuniuliza maswali, kwa sauti ileile ya stendi.

"Nyumba ya kwanza, ukisimama mlangoni, mto uko upande gani?"

"Kushoto. Chini kabisa."

"Hatua ngapi hadi bonde linapoanza?"

"Mia tatu. Zaidi. Nimezitembea."

"Na hapo maji hayajafika."

"Hayajawahi kufika, Mwalimu."

"Kwa hiyo nilipachora sawa."

"Ulipachora sawa."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na vumbi la mahindi juu ya mikono. Nilitegemea alie, au anilaani, au aseme Mungu anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote matatu. Alisema:

"Pale msibani ulikuwa umekaa upande wa kulia, karibu na nguzo. Nilikuona."

"Ndiyo."

"Nilifikiri unanionea huruma. Nimeishi na ile huruma yako miaka yote hii. Nilikuwa najiambia, yule mtoto angalau hanichukii."

Alipangusa vumbi la mahindi mikononi.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi, kifungo cha shingoni kimefungwa. "Twende," alisema. Barabarani nilisimamisha bodaboda moja, kwani kwetu tumezoea kupanda watu wawili. Yeye alipita akaita nyingine. Tukaenda Nkololo hivyo, yeye mbele, mimi nyuma kwenye vumbi lake.

Mama alikuwa kivulini mwa nyumba anachambua pamba, safi kwenye gunia moja, fifi, ile chafu, kwenye jingine. Alimwona Mwalimu anasimama pale mwisho wa uwanja, nje ya uzio wa minyaa. Mikono ya mama ilisimama.

"Huyu anataka nini?" aliniuliza mimi.

Mwalimu alimwamkia mama kwa Kisukuma kutoka palepale, "Mwangaluka, mayu. Sitaingia. Nimemleta huyu aongee."

Niliongea. Niliongea Kisukuma, kwa sababu kwa lugha hiyo sina maneno ya kujificha nyuma yake. Nilimwambia mama kwamba mwanawe alikuwa mahali salama, kwamba mimi ndiye niliyetaka chumba, kwamba nilijua kule chini ni wapi na niliuliza habari za dirisha. Nilimwambia nilinyamaza siku ya maziko.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua tonge la pamba, akalikagua, akatoa jani kavu ndani yake, akalitia kwenye gunia la safi. Akachukua jingine. Nilihesabu matano. La sita alilishika tu.

"Mletee Mwalimu kiti," alisema.

Niliingia ndani. Kiti kizuri kilikuwa chumbani kwa mama, kimewekewa nguo juu, nikazitoa moja moja nikiziweka kitandani. Nilisikia sauti ya Mwalimu huko nje, fupi, ikishukuru, "Wabeja, mayu. Sikuja kukaa."

Nilipotoka, nje ya uzio hapakuwa na mtu. Mwalimu alikuwa ameshafika barabarani, anatembea kwa miguu kurudi Bariadi. Nilimwambia mama nimkimbilie, jua ni kali na ana presha.

"Mwache," alisema. "Wewe umwambie nini tena?"

Akavuta gunia la fifi karibu na miguu yake na kuendelea kuchambua. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nikae. Nilibaki nimesimama pale uani na kile kiti mikononi.